Kungoja kwa Matumaini: Miaka 25 ya Kuimba Pamoja
Mafundisho yaliyotolewa siku ya mafungo ya kwaya, Witeithie, katika maandalizi ya Yubile yetu ya Fedha, Novemba 2025

Tumsifu Yesu Kristu.



Sisi tunaozungumza nanyi leo ni wale wachache tuliobaki kati ya waliokutana mara ya kwanza mwaka 2000 kuanzisha kwaya hii. Kamati ya Yubile ilituomba tufundishe kuhusu kungoja kwa matumaini na subira. Tulipopewa mada hiyo tulicheka. Kwaya inajulikana zaidi kwa kungojwa kuliko kungoja. Misa ni saa moja na nusu, Padre amekwisha kuvaa, na sisi bado tunatafuta sauti nyuma ya kanisa. Kwa hayo tunaomba msamaha, kwa miaka yote 25 kwa pamoja.

Lakini baada ya kucheka tulikaa chini tukakumbushana, na tukaona kwamba historia ya kwaya hii ni historia ya kungoja.

Tulianza katika mwaka wa Yubile Kuu, mwaka 2000. Wenye umri wetu wanakumbuka ulikuwa mwaka gani. Ukame ulikuwa umeshika nchi, mahindi yalikauka shambani, na stima ilikuwa ikigawanywa kwa zamu. Tulifanya mazoezi kwa taa ya mafuta, watu 14 tukiinamia nakala moja ya solfa, na yule aliyekuwa mbali na taa aliimba kwa kukisia. Wengi wetu tulitoka vibaruani: machimbo ya mawe, mashamba ya kahawa na mananasi, viwanda vya Thika. Tulifika tumechoka, wengine bado na vumbi la mawe kwenye nywele. Hatukuwa na kinanda wala sare. Tulikuwa na mwalimu mmoja mwenye uma wa sauti na subira nyingi.

Leo tunasherehekea miaka 25 katika mwaka mwingine wa Yubile. Baba Mtakatifu Fransisko aliufungua Mlango Mtakatifu tarehe 24 Desemba 2024 na kutuita mahujaji wa matumaini. Yeye mwenyewe hakufika mwisho wa hija aliyoianzisha. Alifariki tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, na Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei, ndiye aliyeendelea nayo. Tunapoadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, waimbaji kutoka nchi nyingi nao wanakutana Roma kwa Yubile ya Kwaya. Sisi hatukupata nauli ya Roma. Tunafanyia yetu hapa Witeithie, na Mungu ni yule yule.

Sasa tuingie kwenye mada.

Lugha yetu ya Kiswahili ina methali mbili kuhusu kungoja, na hazielewani. Moja inasema subira huvuta heri. Ya pili inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukimuuliza mwenye nyumba asubuhi, atakupa ile ya pili. Ukimuuliza siku anayodaiwa yeye, atakupa ya kwanza. Na sisi wa hapa tunalo jambo la tatu, kwa sababu jina la mahali petu ni amri: Witeithie, yaani jisaidie. Wazee wetu wana msemo, Ngai ateithagia witeithitie: Mungu humsaidia aliyejisaidia. Basi Mkristo wa Witeithie afanye nini? Angoje, au ajisaidie?

Tumwangalie Abrahamu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 12, kinasema aliondoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, akiwa na ahadi ya Mungu kwamba atakuwa taifa kubwa. Sura ya 21 inasema Isaka alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 100. Toeni hesabu wenyewe. Ni miaka 25. Abrahamu alingoja Yubile ya Fedha nzima kumpata mtoto mmoja.

Na katikati ya miaka hiyo alichoka. Sura ya 16 inatueleza bila kuficha kwamba yeye na Sara waliamua kumsaidia Mungu. Wakamchukua Hajiri, mjakazi, na Ishmaeli akazaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86. Tusimlaumu mtoto, maana Mungu alimpenda Ishmaeli na kumbariki. Lakini haraka ile ilileta machozi katika nyumba ile, na aliyelia zaidi alikuwa Hajiri, ambaye hakuulizwa neno. Mara nyingi haraka ya mwenye nguvu hulipwa na mnyonge.

Sisi pia tulipata haraka yetu, na tunaona ni vizuri kuisema siku ya Yubile, kwa sababu kijitabu kinachosifu tu hakimsaidii mtu.

Kulikuwa na wakati kila kwaya ya jirani ilikuwa inatoa kanda, kisha video. Tukaona tumeachwa nyuma. Mwalimu wetu alisema tungoje, sauti hazijakomaa, tufanye mazoezi mwaka mmoja zaidi. Hatukumsikia. Tulichanga haraka haraka, wengine wakakopa kwenye chama, mama mmoja akauza mbuzi. Tukampa pesa mtu aliyetuahidi kurekodi na kutupiga picha. Tulirekodi nyimbo mbili, kisha simu yake ikazima. Pesa zilipopotea, tulianza kutazamana kwa jicho baya. Nani alimleta? Nani alishika mfuko? Mwalimu aliyetuonya ndiye tuliyemlaumu kwa kutotuonya vya kutosha. Katika muda wa miezi michache tulibaki tisa.

Wale tisa hawakuwa watakatifu kuliko walioondoka. Walibaki kwa sababu Jumapili ilikuwa inakuja, na zaburi ya kiitikizano haiwezi kujiimba. Waliimba sauti mbili badala ya nne. Mweka hazina alianza daftari upya, akiandika kila shilingi, hata ishirini, na kulisoma mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemlazimisha. Tuliponunua kinanda, miaka mingi baadaye, tulikinunua kwa daftari lile. Na walioondoka walirudi mmoja mmoja, wengi wao kwenye mazishi, maana ukiitwa kumwimbia mwenzako wa zamani kaburini, ugomvi hukosa mahali pa kukaa.

Hapo ndipo tulipoanza kuona jibu la swali letu. Kungoja kwa Mkristo si kukaa mikono mapajani, wala si kuvunja mlango ambao Mungu bado hajaufungua. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anatupa mfano wa mkulima anayengojea mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Sisi tunamwelewa Yakobo bila mahubiri marefu. Mkulima wa hapa halali kitandani akingoja mvua. Analima na kuandaa mbegu. Anatengeneza mifereji. Lakini hata akijisaidia namna gani, hawezi kuvuta wingu kwa kamba. Yaliyo yake huyafanya, na yaliyo ya Mungu humwachia Mungu. Witeithie na subira hukutana shambani.

Waimbaji wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kwenye karatasi ya solfa kuna nafasi zilizoachwa wazi. Si kosa la mpiga chapa. Ni mapigo ambayo sauti yako inanyamaza wakati wenzako wanaimba. Kuna nyimbo ambazo besi hukaa kimya mistari miwili mizima. Mwimbaji mgeni hudhani huo ni wakati wa kukohoa na kutazama simu, kisha wenzake wanaingia yeye yuko nje. Mwimbaji mzoefu ananyamaza, lakini anahesabu. Macho yako kwa mwalimu, pumzi imekwisha kuvutwa. Anangoja akiwa ndani ya wimbo.

Na Mama Kanisa anatufundisha hivyo hivyo. Wakati wa Majilio na Kwaresima anatunyang'anya Utukufu, na katika Kwaresima anatunyang'anya na Aleluya pia. Watoto wetu huuliza mbona hatuimbi ule wimbo mzuri. Kisha unafika Mkesha wa Pasaka, kengele zinalia, Utukufu unarudi, na hata mwanakwaya aliyeimba miaka 25 hutetemeka mwili. Ungeimbwa kila siku ya mfungo, usiku ule ungekuwa usiku kama mwingine.

Lakini, wapendwa, kuna kungoja ambako tarehe ya mwisho haimo kwenye kalenda ya liturujia. Hapa tunataka kuzungumza polepole.

Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ametupa ruhusa tuseme habari zake bila kumtaja, ana kijana wake aliyekwenda kufanya kazi Ghuba mwaka 2017. Alipiga simu kila Jumapili jioni baada ya Misa. Alituma pesa za karo za dada yake. Kisha simu zikapungua, na siku moja zikakoma. Ni zaidi ya miaka sita sasa. Hajui kama ana mtoto gerezani, hospitalini au kaburini.

Siku za mwanzo sisi wenzake tulimfariji kwa yale tuliyozoea kusema. Tulimwambia subira huvuta heri. Tulimwambia Mungu ana mpango wake. Jioni moja baada ya mazoezi alituambia, "Ndugu zangu, hayo maneno nayajua. Msiniambie tena. Njooni mkae na mimi Jumapili jioni, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya simu."

Tuliona aibu. Tulikuwa tumempa methali na kwenda zetu nyumbani. Tangu siku hiyo tumepeana zamu. Kila Jumapili jioni wawili au watatu wetu huenda kwake. Tunakunywa chai. Wakati mwingine tunaimba, wakati mwingine tunachambua maharagwe tu. Tumekwenda naye kwenye maofisi, tumemwandikia barua, vijana wetu wanaojua mitandao wameuliza kila mahali walipoweza. Mpaka leo hatuna jibu. Hatutaki kumaliza habari hii kwa namna nzuri kuliko ilivyo. Simu haijalia. Lakini mama huyo hangojei peke yake, na kila Jumapili asubuhi yuko kwenye mstari wake, anaimba.

Tulipokuwa tukitafuta wa kumwomba atuombee katika jambo hili, tulimkumbuka Mwenyeheri Irene Stefani, sista wa Konsolata ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifika nchini mwaka 1915 akiwa kijana wa miaka 23. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa Kiafrika katika hospitali za vita, Voi na huko Kilwa na Dar es Salaam. Kisha aliishi Gikondi miaka kumi, akipanda na kushuka vilima kwa miguu. Moja ya kazi zake ilikuwa kuwaandikia barua wazazi wasiojua kuandika, ambao watoto wao walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi. Fikirieni ni akina mama wangapi wa Gikondi walikaa mbele ya sista yule wakisema, mwandikie mwanangu, muulize kama yu mzima. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39 tu, kwa tauni aliyoipata akimuuguza mgonjwa.

Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Wengine wetu tulikuwepo, tulisafiri usiku. Muujiza uliokubaliwa ulitokea Nipepe, kule Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makatekista na familia zao, watu zaidi ya 200, walizingirwa kanisani kwa siku kadhaa bila maji ila yale machache yaliyokuwa kwenye kisima cha ubatizo. Walimwomba Nyaatha, na maji yale yaliwatosha, kunywa na hata kumwosha mtoto aliyezaliwa humo ndani. Angalieni vizuri muujiza huo. Mungu hakuwafungulia mlango siku ya kwanza. Aliwapa maji ya kutosha kungojea. Mara nyingi hilo ndilo jibu la sala zetu: si mwisho wa kungoja, bali maji ya leo.

Tuliyajua hayo kwa macho yetu mwaka 2020. Machi makanisa yalifungwa. Kwaya iliyozoea kukutana mara tatu kwa wiki ilinyamaza. Julai yalipofunguliwa, Misa ilikuwa ya saa moja, watu wasiozidi 100, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Yaani wazee wetu wa besi, walioanzisha kwaya hii, walibaki nje ya kanisa walilolijenga kwa mikono yao. Mmoja wao alikuwa akifungua redio ya Misa, anavaa sare yake ya kwaya na kuimba besi sebuleni peke yake, wajukuu wakimtazama. Alifariki kabla hajaruhusiwa kurudi, na tulimzika watu wachache, tukiimba na barakoa midomoni. Yeye alingoja akiwa ndani ya wimbo. Tunaamini wimbo wake haukukatika. Umehamia kwaya nyingine tu.

Hiyo ndiyo tofauti ya tumaini letu na bahati nasibu. Anayecheza bahati nasibu anangoja kitu. Sisi tunamngoja Mtu, naye amekwisha kuja mara moja. Simeoni na Ana, katika sura ya 2 ya Injili ya Luka, walikuwa wakimngoja. Ana alikuwa mjane wa miaka mingi, na hakuacha kusali na kufunga. Walipomwona mtoto mchanga mikononi mwa wazazi maskini, walimtambua. Wangekuwa wameenda zao kwa kuchoka, wangempitisha mtoto yule kama watoto wengine. Mtume Paulo naye anawaeleza Warumi, sura ya 5, kwamba taabu huzaa saburi, saburi humkomaza mtu, na ukomavu huo huzaa tumaini. Tumaini la namna hiyo halimwachi mtu na aibu, kwa kuwa Mungu amekwisha kuweka pendo lake mioyoni mwetu.

Ndugu zetu, kati yenu wako wanaongoja leo. Wako waliolipia ploti miaka mingi na hati miliki haijatoka. Wako wanaongoja mtoto, mchumba, kazi, matokeo ya hospitali. Wako vijana wenye vyeti kwenye bahasha ya kaki, wanaosimama kwenye steji ya Thika Road kila asubuhi. Hatuwezi kuwaahidi tarehe. Tunawaomba mambo haya.

Fanyeni yaliyo yenu. Anayefuatilia hati yake ofisini, anayepeleka barua ya kazi ya kumi, hakosi imani. Anaandaa shamba. Lakini msimzae Ishmaeli: msitoe hongo, msimdhulumu mnyonge, msikope kwa hasira ili muonekane mmefika.

Endeleeni kuhesabu mapigo. Sala ya asubuhi, jumuiya ya wiki, Misa ya Jumapili. Siku ambazo husikii kitu moyoni ndizo siku za kuhesabu zaidi, maana zamu yako ya kuingia haiko mbali kama unavyodhani.

Na msimwache mtu angoje peke yake. Kabla ya kumpa mwenzako methali, muulize saa yake ngumu ni ipi, kisha uende ukakae naye saa hiyo.

Tunawashukuru wote walioibeba kwaya hii: walimu wetu, mapadre waliotuvumilia, waume na wake waliotungoja nyumbani usiku wa mazoezi chakula kikipoa, na waumini mliotusikiliza hata siku tulizoimba vibaya. Vijana, sasa solfa iko mikononi mwenu. Mtakapofanya Yubile ya Dhahabu mwaka 2050, wengi wetu hatutakuwepo. Tutakuwa tumenyamaza kwenye mstari wetu, tukingoja kuingia pamoja nanyi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:
1. Ni jambo gani ninalongoja sasa, na sehemu ipi ya kazi hiyo ni yangu?
2. Ni wakati gani nilifanya haraka, na ni nani aliyelipa gharama yake?
3. Ni nani karibu nami anayengoja peke yake, na saa yake ngumu ni ipi?

Mungu awabariki nyote. Mtakatifu Sesilia, utuombee. Mwenyeheri Irene Stefani, Nyaatha, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristu.